Picha ya mtoto aliyepotea haiombi megapikseli 108

Kwenye maduka ya simu ya Birere, mjini Goma, kuna namba moja inayouza kuliko zingine zote: namba ya megapikseli. 48, 64, 108. Imeandikwa kwenye katoni, imeandikwa tena nyuma ya simu, karibu kabisa na kamera. Mteja anauliza bei, muuzaji anaonyesha namba kwa kidole, na mazungumzo yanaishia hapo. Kama ni picha za harusi au za kuweka Facebook, hakuna shida kubwa. Lakini namba hiyohiyo inaaminiwa pia mahali ambapo picha ina kazi nzito: kwa watoto waliopotezana na wazazi, kwa wazee wasio na karatasi hata moja, kwa familia zinazoandikwa kwenye orodha ya msaada. Hapo namba inadanganya, na udanganyifu wake una bei.

Tangu kambi za Bulengo, Lushagala na zingine za kandokando ya Goma zilipofungwa mwezi wa pili 2025, wahami wa vita wametawanyika. Wengine wamerudi Masisi na Rutshuru, wengine wako kwa ndugu mjini, wengine wamevuka ziwa. Zamani mama aliyepoteza mtoto alikuwa anatembea hema kwa hema akiuliza. Leo ni picha inayotembea, kutoka simu hadi simu. Kwa picha kama hiyo swali ni moja tu: je, mtu anayemjua mtoto huyu akimwona hapa atasema "ni yeye"? Picha nyingi zinazozunguka WhatsApp haziwezi kulijibu. Uso ni mweusi sawa gunia la makala, bâche ya nyuma inang'aa, na macho hayaonekani.

Goma si mji wa kufundishwa kazi hii. Baada ya 1994, kwenye kambi zilizozunguka mji, watoto waliokuwa pekee yao walipigwa picha, na picha hizo zikaonyeshwa ili ndugu wazitazame. Mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22, watu walikimbia wengine upande wa Sake, wengine upande wa Gisenyi, na watoto wakapotea njiani. Picha za 1994 zilipigwa kwa filamu, bila megapikseli hata moja. Inafaa kukumbuka hilo kabla ya kumsikiliza muuzaji.

Ndani ya kila kamera ya leo, nyuma ya kioo chake, kuna kibamba kidogo kinachopokea mwanga. Kwa Kiswahili cha vitabu kinaitwa kihisi. Wapiga picha wa hapa, waliojifunza kazi kwa Kifaransa, wanasema kaptere. Kinafanya ile kazi ya filamu ya zamani. Mtu aliyekaa kambini ataelewa haraka namna kinavyofanya. Mvua ikinyesha Goma, ambako udongo wa volkano unameza maji na bomba ni taabu, kila familia inaweka vyombo chini ya ukingo wa bâche. Beseni pana linakusanya maji mengi, kopo linapata matone. Mvua ni ileile na muda ni uleule. Mwanga ndio mvua, kihisi ndicho chombo. Mchana kwenye jua, mvua ni nyingi, hata kopo linajaa, na tofauti haionekani sana. Ndani ya hema, saa kumi na mbili ya jioni, ndipo mwenye beseni na mwenye kopo wanaachana.

Kamera yenye kopo, ikikosa mwanga, inaongeza nguvu ya ule mwanga kidogo iliopata, sawa redio inayopandishwa sauti wakati mawimbi ni mabaya. Sauti inapanda, na mkwaruzo nao unapanda. Kwenye picha mkwaruzo huo ni zile punje kama mchanga zinazofunika shavu na paji la uso.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo muuzaji ananyamaza. Kihisi cha kamera kubwa za wanahabari, zile zinazoitwa za "fremu kamili", kina milimita 36 kwa 24. Kihisi cha kamera za kawaida za studio zetu, kwa mfano Canon nyingi za mtumba, kina karibu milimita 22,3 kwa 14,9. Kamera ndogo za mfukoni za miaka ya nyuma, na simu nyingi za bei ya chini, zina kihisi cha karibu milimita 6 kwa 4,5, au chini ya hapo. Ukipiga hesabu ya eneo, kile cha kwanza kina milimita mraba 864, cha pili karibu 330, cha tatu kama 28. Beseni la kwanza ni kubwa mara 30 kuliko kopo la mwisho. Hiyo ndiyo namba inayopaswa kuandikwa kwenye katoni, na haiandikwi.

Megapikseli basi ni nini? Ni hesabu ya vyumba ndani ya chombo. Chukua beseni moja, ligawe vyumba 12, au ligawe vyumba 108. Maji yatakayoingia ni yaleyale, ila sasa kila chumba kimepata kidogo sana. Simu ya Samsung Galaxy S20 Ultra ya 2020 ilitoka na megapikseli 108, na kila pikseli yake ilikuwa na upana wa sehemu 0,8 ya elfu ya milimita. Canon EOS 550D ya 2010, ambayo leo ni mzee wa mtumba, ina megapikseli 18 tu, lakini kila pikseli yake ina upana wa 4,3. Watengenezaji wa simu wenyewe wanajua. Ndiyo maana simu hiyo ya 108, ikiachwa ifanye kazi kwa mazoea yake, inaunganisha pikseli 9 kuwa moja na kutoa picha ya 12. Mteja amelipia 108, simu inampa 12, na ni vizuri kwake kwamba inafanya hivyo.

Na uso mmoja unahitaji ngapi? Picha ya kuchapisha ya sentimita 10 kwa 15, safi kabisa, inahitaji karibu megapikseli 2. Ile ndogo ya pasipoti haifiki hata robo ya megapikseli moja. Hakuna mtoto aliyekosa kutambulika kwa sababu kamera ilikuwa na 12 badala ya 108. Anakosa kutambulika kwa sababu ya giza, kutikisika na kioo kichafu. Vumbi la Goma linatosha kupaka kioo cha simu ukungu kwa siku moja. Kitambaa safi cha pamba kinaongeza ubora kuliko dola 50 za ziada dukani.

Kuna ubishi mwingine unaopendwa na vijana wanaofanya kazi ya picha: kihisi cha CCD na kihisi cha CMOS, kipi bora. CCD ilibuniwa 1969 kwenye maabara ya Bell, Marekani, na Willard Boyle na George Smith, ambao walipata tuzo ya Nobel 2009. Ndani yake, umeme uliokusanywa na kila pikseli unapitishwa kwa jirani, na jirani kwa jirani, sawa watu waliojipanga mstari wakipitishiana ndoo, mpaka kwenye mlango mmoja ambako unahesabiwa. CMOS ya kamera, iliyoendelezwa miaka ya 1990 na kundi la Eric Fossum kwenye maabara ya JPL ya NASA, inampa kila pikseli kikuza umeme chake mwenyewe. Inakula umeme kidogo na inasoma haraka. Miaka ya mwanzo CCD ilikuwa na picha safi zaidi. Leo hakuna tena ushindani: simu zote za Birere ni CMOS, na kamera mpya za wanahabari vilevile. Kuanzia karibu 2009, nyaya zilizokuwa mbele ya pikseli zikizuia mwanga zilianza kuhamishiwa nyuma, na hilo limesaidia vihisi vidogo vya simu kuliko ongezeko lolote la megapikseli.

Wale wanaosema kamera kuukuu ya CCD ina rangi tamu zaidi wana haki ya kupenda rangi wanayotaka. Lakini kihisi chenyewe, kiwe cha aina gani, hakioni rangi. Kinaona mwanga na giza tu. Rangi inatokana na vichungi vidogo vilivyowekwa juu ya pikseli, nusu vya kijani, robo vyekundu na robo vya bluu, mpango aliouandikia hataza Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, iliyotolewa 1976. Kisha programu ndani ya kamera inakisia rangi zilizobaki. Utamu ule unatokana na vichungi na makisio hayo.

Kwa kuwa watu hapa wanaulizana: hapana, kihisi hakitengenezwi kwa koltani ya Rubaya. Kinatengenezwa kwa silikoni, inayotokana na mawe na mchanga wa kwartzi. Koltani inatoa tantali, na tantali inaingia kwenye vidude vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na ndani ya kamera. Kwa hiyo mhami wa Masisi anaposimama mbele ya kamera, ardhi ya kwao iko humo ndani, lakini si kwenye jicho.

Lililo gumu zaidi kwa kamera, na ambalo katoni haliandiki kabisa, ni tofauti kati ya mwanga mkali na giza ndani ya picha moja. Kambi za Goma ni mahali pabaya kupita vyote kwa jambo hilo. Chini ni mawe meusi ya volkano. Nyuma ni bâche nyeupe inayorudisha jua. Katikati ni uso wa mtu mweusi. Kamera imefundishwa kuamini kwamba dunia, kwa wastani, ina rangi ya kijivu. Ikiona bâche nyingi inasema "mwanga umezidi" na inapunguza. Uso unazama gizani. Ikiona mawe mengi inasema "giza limezidi" na inaongeza. Bâche inageuka moto mweupe na hata sehemu ya uso iliyopigwa na jua inaungua. Kihisi kikubwa kina nafasi ya kushika vyote viwili: bâche haijaungua, na uso ulio gizani unaweza kuinuliwa baadaye kwenye kompyuta bila kujaa mchanga. Kihisi kidogo kinalazimika kuchagua. Kwa kawaida kinachagua bâche.

Tatizo la ngozi nyeusi mbele ya kamera halikuanza na simu. Kwa miongo mingi maabara za picha duniani zilisawazisha rangi za filamu ya Kodak kwa kutumia kadi zenye sura ya mwanamke mzungu, na sura hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi "sahihi". Filamu imepita, lakini mpiga picha anayeamini mashine ifanye yote bado anaacha mashine imchagulie nani aonekane.

Dawa yake haina bei. Mtu asipigwe picha mbele ya bâche. Asimame kivulini, kwenye ukingo wa mlango wa nyumba au hema, akitazama nje kwenye anga, na nyuma yake kuwe na blanketi la kahawia au ukuta wa mbao. Mwenye simu aguse uso kwenye kioo ili kamera ipime mwanga hapo na si kwingine. Saa sita mchana jua la hapa, karibu na mstari wa ikweta, liko juu ya kichwa na linachimba mashimo meusi kwenye macho. Saa tatu ya asubuhi au saa kumi ya alasiri ni bora. Simu ya dola 80 kwenye kivuli hicho inaishinda kamera ya dola 2.000 iliyotumiwa vibaya ndani ya hema jioni. Hilo linaumiza kidogo wale wanaopenda vifaa, lakini ndivyo lilivyo.

Kuna hata mahali ambapo kamera kubwa inaharibu. Wanahabari wanapenda picha ya macho makali na nyuma yote ukungu, na kihisi kikubwa chenye lenzi iliyofunguliwa sana kinaipata kirahisi. Ni picha nzuri ya gazeti. Lakini kwa mtoto anayetafutwa, sikio ni ushahidi, na kovu kando ya sikio ni ushahidi mkubwa zaidi. Likizama kwenye ukungu, picha imependeza bure.

Na kovu ndilo linaloleta jambo baya kupita yote. Kihisi kidogo kina udhaifu, na simu inauficha kwa programu. Picha inapojaa mchanga, programu inapangusa mchanga, na pamoja na mchanga inapangusa ngozi. Kwenye simu nyingi zinazouzwa hapa kuna kitufe kilichoandikwa "Beauté", na mara nyingi kimeshawashwa mteja anapofungua katoni, hasa kwenye kamera ya mbele. Kinalainisha mashavu, kinang'arisha rangi ya ngozi, wakati mwingine kinapunguza hata upana wa pua. Kwa msichana wa miaka 20 ni mchezo. Kwa mtoto wa miaka 4 ni kufutwa. Mama hamtambui mtoto wake kwa uso laini. Anamtambua kwa alama ya kuungua na sufuria, kwa doa chini ya jicho, kwa jino lililovunjika. Simu imeviona hivyo vyote kama uchafu.

Hali ya usiku nayo ina hatari yake. Simu inapiga picha nyingi mfululizo na kuzichanganya iwe moja, njia nzuri sana ya kupata mwanga kwa kihisi kidogo, ilimradi anayepigwa asitikisike. Mtoto anayelia hatulii. Kinachotoka ni uso uliounganishwa kutoka vipande vya sekunde tofauti, na kwa macho unaonekana safi. Heri picha yenye mchanga, ambayo kila mtu anaona ni mbaya, kuliko picha safi isiyo ya kweli.

Mashirika yanayoandikisha watu yatasema hakuna pesa ya kamera. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Tableti inayotumiwa kuandikisha imechaguliwa kwa sababu ya fomu na betri. Kamera yake imewekwa kama nyongeza, na kihisi chake mara nyingi ni kidogo kuliko cha simu. Lakini tableti hizo zilinunuliwa kwa orodha ya masharti, na kwenye orodha kama hizo megapikseli huwa zinaandikwa. Anayeandika masharti anaweza kuandika ukubwa wa kihisi badala yake. Au anunue kamera moja ya mtumba yenye kihisi cha milimita 22 kwa kila kundi la waandikishaji, na amlipe kijana mmoja wa studio za hapa anayejua kuitumia. Vijana hao wapo, na wengi wao ni wahami wenyewe.

Si anasa. Katika nchi ambamo kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha raia wengi, na ambamo kadi nyingi za 2023 zilififia hadi sura na jina vikapotea, mtu aliyekimbia na kadi iliyofutika amebaki na uso wake. Kule tatizo lilikuwa la kuchapisha na si la kamera, lakini mwenye kadi amebaki palepale. Akipigwa picha ambayo haimwonyeshi, amefutwa mara ya pili.

Familia nazo zina la kufanya. WhatsApp inabana picha kabla ya kuituma, na kila ikitumwa upya inaweza kubanwa tena. Baada ya mikono kumi uso umekuwa mabaka. Picha ya mtoto anayetafutwa itumwe kama "document", siyo kama picha, na ile ya kwanza isifutwe kwenye simu iliyoipiga. Isiwekwe Facebook wazi: picha inayomtambulisha mtoto kwa mama yake inamtambulisha pia kwa mtu mwenye nia mbaya. Ipelekwe kwa Msalaba Mwekundu au kwa wanaoshughulika na watoto waliotenganishwa, wao wanajua namna ya kuionyesha kwa ndugu bila kuimwaga barabarani.

Na mtoto aliyepigwa picha akiwa na miaka mitatu, mwezi wa pili 2025, hana tena sura ile. Kabla ya kununua kifaa kipya, wenye orodha za zamani warudi kwanza kwa watoto walio nao: picha ya pili, kivulini, "Beauté" imezimwa, kioo kimepanguswa, uso wa mbele na wa upande, masikio yote mawili.